Kabla Uchome Thao Thelathini kwa Saa ya GPS, Soma Hii Kwanza

Ukienda Karura Jumamosi mapema, ama ukutane na mbogi ya baiskeli ikipanda kutoka Kiserian ikihema, cheki mikono. Saa kubwa nyeusi kila mahali, zinalia "pii" kila kilomita, na kabla msee ashuke kwa baiskeli tayari amebonyeza, ameangalia, ametingisha kichwa. Jioni ramani iko Strava, na wewe ukiwa kwa kochi unaanza kujiuliza kama shida yako ni mazoezi ama ni saa.

Tubonge bei kwanza juu hapo ndio kunauma. Saa ya GPS yenye wakimbiaji wanaiheshimu inaanzia kama dola 200 majuu. Piga hesabu ya shilingi 130 kwa dola, hiyo ni thao ishirini na sita, kabla ya usafiri, VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine. Kwa wasee wengi mtaani hiyo ni rent ya bedsitter, tena si ya mwezi mmoja. Hauwezi kuichoma juu ya rangi ama juu boy wa kazini ako nayo. Kabla ulipe, jua ni namba gani moja ama mbili zitakufanya ubadilishe venye unapiga tizi wiki ijayo. Hizo ndio unanunua. Zile zingine zote, za usingizi, za msongo wa mawazo, za "mwili wako uko na miaka ngapi", ni nyongeza, na nyingi zinakisiwa kutoka kwa mapigo yaleyale ya moyo.

Na kama umesota saa hii, hakuna haraka. Simu yako iko na GPS, na Strava ya bure inarekodi mbio na baiskeli fiti tu. Wakimbiaji wa Iten wako na ile fatleki yao maarufu ya Alhamisi, dakika moja kali, dakika moja polepole, na hiyo inahitaji saa ya kuhesabu dakika peke yake. Casio ya bei rahisi inatosha. Ngori ya simu ni kuibeba: inarukaruka mfukoni, jasho linaingia, hauwezi kuona kasi ukiwa mbioni. Halafu Nairobi tunaijua. Kukimbia na simu mkononi saa kumi na moja asubuhi ni kuitafutia mwenyewe mpya.

GPS yake ama GPS ya kuomba?

Hapa ndio wengi wanaoshwa. Ukitembea Luthuli ama ukifungua maduka ya mtandaoni, utapata saa za thao tatu, thao nne, na boksi imeandikwa GPS kwa herufi kubwa. Soma vizuri. Ikiwa imeandikwa "connected GPS", hiyo saa haina GPS yake. Inaomba ya simu kwa Bluetooth. Ukiacha simu kwa nyumba, saa inahesabu hatua zako, inazidisha na urefu wa hatua yenye inakisia, halafu inakupa "kilomita". Ukianza kuchoka hatua zinafupika, na yenyewe haijui. Kwenye baiskeli ni mbaya zaidi juu miguu yako haigusi chini. Unaeza panda mpaka Limuru na ikuambie haukutoka kwa gate. Chenye unatafuta kwa boksi ni "built-in GPS".

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Zima Bluetooth ya simu, toka nje ya duka na muuzaji akikuangalia, anzisha mazoezi ya kukimbia, subiri idake setilaiti, zunguka jengo mara moja, kisha uwashe Bluetooth uone kama ramani inatokea. Ikiwa hakuna ramani, mrudishie. Akikataa usijaribu hivyo, hapo umepata jibu pia.

Kwa nini hii kitu ni ngumu kutengeneza kwa bei ya chini? Setilaiti za GPS ziko karibu kilomita 20,200 juu yetu, na kazi yao ni kutangaza saa ngapi na ziko wapi. Saa yako inapima ujumbe umechelewa kiasi gani kufika. Mawimbi yanasafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hivyo ukikosea muda kwa sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, umekosea mita 300. Inahitaji kusikia setilaiti nne ama zaidi kwa wakati mmoja, na sauti zao zikifika hapa chini ni dhaifu kupita maelezo. GPS yenyewe ni ya Marekani, na mpaka Mei 2000 walikuwa wanaichafua makusudi kwa raia, unakosea hata mita 100. Clinton alipoamuru waache, ndio biashara ya saa za mbio ikawezekana. Garmin Forerunner za kwanza zilitoka 2003. Siku hizi saa nzuri zinasikia pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kadiri setilaiti zinavyokuwa nyingi ndio saa inapata nafasi ya kuchagua zile ziko wazi.

Sasa leta hiyo hesabu Upper Hill. Ujumbe unatoka juu, unagonga vioo vya jengo refu, unaruka, ndio unakufikia. Umechelewa kidogo, na saa inafikiri uko upande ule mwingine wa barabara. Ndio maana ramani yako ya tao inakaa kama umekimbia umelewa, umepita ndani ya benki na ukatokea kwa paa. Chini ya Expressway pale Uhuru Highway ni shida tofauti: zege limeziba anga, setilaiti za moja kwa moja juu yako hazionekani kabisa.

Hapo ndio kunakuja ile kitu inauzwa kwa mbwembwe, GPS ya masafa mawili. Saa za kawaida zinasikiliza wimbi moja, L1. Hizi za masafa mawili zinasikiliza L1 na L5, na lile la pili limeundwa venye saa inaeza kutofautisha ujumbe uliokuja wazi na ule umeruka kwa ukuta. Inafanya kazi, haina maneno. Lakini jiulize unakimbilia wapi. Kama raundi zako ni Upper Hill, Westlands na tao, lipia. Kama wewe ni wa Karura, wa Southern Bypass, ama uwanja wa mtaani, tofauti kwa jumla ya kilomita ni ndogo sana na hautaisikia miguuni. Miti na majani mabichi yanapunguza nguvu ya mawimbi, ndio, lakini si kama kioo cha ghorofa ishirini.

Kabla ulipe ya ziada, fanya ile ya bure. Unganisha saa na simu usiku kabla ya mbio ndefu. Ikiunganishwa inapakua ratiba ya mahali setilaiti zitakuwa siku zijazo. Usipofanya hivyo itaichukua hewani kutoka kwa setilaiti, na setilaiti inaituma kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa konokono. Halafu saa ikikuambia iko tayari, simama nusu dakika nyingine ndio uanze. Wasee wengi wenye wanalia saa ni fala huwa wamebonyeza wakiwa kwa ngazi za keja, ghorofa ya pili.

Kitu kingine: ile kasi ya papo hapo inarukaruka, hata kwa saa ya laki. Usiifuate. Weka skrini ionyeshe kasi ya kilomita yenye uko ndani yake. Hiyo imetulia na unaeza kuipanga.

"Waandaaji wametuibia": hapana, buda

Kila mwaka baada ya Nairobi Marathon kuna vita WhatsApp. "Hiyo haikuwa 21, saa yangu imesoma 21.4." Mwingine anasema yake ni 21.3, na wote wanakubaliana kwamba njia ilipimwa vibaya.

Njia ya mbio rasmi hupimwa kwa baiskeli. Si utani. Baiskeli inafungwa kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu kinaitwa Jones Counter, inajaribiwa kwanza kwa umbali uliopimwa kwa uhakika, kisha mpimaji anaendesha ile njia fupi zaidi mkimbiaji anaeza kupita kihalali, akikata kona karibu na ukingo wa barabara. Juu ya hapo wanaongeza mita moja kwa kila mita elfu ili njia isije ikawa fupi. Wewe haukukimbia ile njia. Ulipita nje ya kona, ulizunguka watu, ulienda meza ya maji upande wa pili, na saa nayo ikaongeza kuyumba kwake. 21.3 ni kawaida kabisa.

Kwa nini ujali? Juu unaeza poteza lengo lako. Tuseme unataka nusu marathoni kwa dakika 5 kwa kilomita. Umbali ni kilomita 21.0975, kwa hivyo utamaliza kwa saa 1, dakika 45 na sekunde 29. Lakini ukifuata saa mpaka mwisho na yenyewe ikapima 21.4, utafika mstarini saa 1 na dakika 47 kamili, saa ikikupongeza eti umeshikilia 5:00 vizuri sana. Dakika moja na nusu imeenda hivyo tu. Dawa ni kuzima ile raundi ya kujihesabu kila kilomita siku ya mashindano, na kubonyeza mwenyewe kila ukipita kibao cha kilomita. Na hii ndio sababu mimi sinunui saa ya mbio yenye haina batani za kubonyeza. Skrini ya kugusa na kidole chenye jasho, ama mvua ya Aprili, ni vita.

Moyo wako na zile taa za kijani

Namba ya pili yenye inaweza kubadilisha tizi yako ni mapigo ya moyo. Hii ndio inakuambia kama zile "mbio za polepole" zako ni za polepole kweli. Wengi wetu tunaharibikiwa hapo: siku ya kupumzisha miguu tunakimbia kwa kiburi, siku ya kazi hatuna kitu imebaki.

Saa inapima moyo kwa kuwasha taa ya kijani kwa ngozi na kuangalia mwanga unaorudi. Damu ikipita, mwanga unaorudi unabadilika. Ukiwa umekaa, kazi ni rahisi. Ukianza kukimbia, mkono unatikisika, saa inacheza, jasho linaingia katikati, na mwanga wa nje unapenya. Kuna kosa moja la kuchekesha: saa inaacha kusoma moyo na kuanza kusoma hatua. Wakimbiaji wengi wanapiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, kwa hivyo ukiwa unaenda mdogo mdogo, unabonga na mwenzako, na saa inasema moyo uko 174, usikimbilie hospitali. Cheki namba ya hatua. Zikilingana, hiyo saa imedanganywa na miguu yako.

Kuna swali la ngozi nyeusi pia, na ni halali. Melanini inameza mwanga wa kijani, kwa hivyo unaorudi ni kidogo. Saa nzuri zinaongeza nguvu ya taa kufidia, na utafiti umetoa majibu yasiyolingana kuhusu tofauti inayobaki. Tatuu ya wino mzito pale pale kwa mkono inasumbua zaidi. Chenye unaeza kufanya ni kuvaa saa vidole viwili juu ya ule mfupa wa kiwiko cha mkono, uikaze ukianza tizi, uilegeze ukimaliza.

Ama ununue mkanda wa kifua, na hapa ndio ningeweka doo yangu kabla ya kitu kingine chochote. Mkanda unasoma umeme wa moyo wenyewe, kama ile mashine ya hospitali, haujali rangi, baridi wala mtikisiko. Polar, wale wa Finland wenye walitoa kifaa cha kwanza cha kupima moyo bila waya mwaka 1982, waliuza H10 karibu dola 90 ilipotoka. Ya Kichina kama CooSpo inaanzia karibu dola 30, thao nne hivi. Lowesha zile sehemu za mpira na maji kabla uvae, la sivyo dakika kumi za kwanza zitakuwa vichekesho. Saa ya thao ishirini na sita na mkanda wa thao nne itakupa moyo wa ukweli kuliko saa ya thao themanini peke yake.

Lakini namba nzuri ukiiweka kwa hesabu mbaya bado inakupotosha. Saa nyingi zinaanza na 220 toa umri wako. Uko na miaka 25, inasema kilele chako ni 195. Hiyo ni wastani wa watu wengi, na kwako inaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi, juu ama chini. Jipime: baada ya kupasha mwili joto, kimbia dakika 30 kwa nguvu zote zenye unaeza shikilia bila kufa katikati, na uchukue wastani wa moyo wa dakika 20 za mwisho. Huo ndio mpaka wako kati ya kazi na mateso. Uweke kwa saa, upange kanda zako kutoka hapo. Ukiwa na baiskeli, rudia ukiwa kwa baiskeli, juu kwa watu wengi mpaka wa baiskeli uko chini kidogo kuliko wa mbio.

Na ukitoka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ukaenda kambi ya wiki moja Iten kwenye 2,400, moyo utapanda kwa kasi ileile na saa itatangaza eti umeshuka kiwango. Haujashuka. Hewa imepungua.

Wale wa baiskeli, yenu ni tofauti

Mtu wa kukimbia anataka kasi na umbali. Mtu wa baiskeli, hizo mbili GPS inampa kirahisi, juu anaenda haraka na barabara iko wazi. Chenye kinamsumbua ni vitu vingine.

Cha kwanza ni kuona. Mikono yako iko kwa usukani, na kuangalia saa unageuza mkono, kwa kasi ya 45 ukishuka, matatu nyuma yako. Hiyo ni kutafuta kifo. Wengine wanafunga saa kwa usukani, inaonekana vizuri, lakini sasa haiko kwa ngozi na moyo haupimwi. Mkanda wa kifua tena. Hata ikiwa mkononi, usukani wa baiskeli ndio adui mkubwa wa zile taa za kijani: kiwiko kimekunjwa, misuli imekazwa, na murram inatikisa kila kitu. Kwa mtu wa baiskeli mkanda si anasa.

Cha pili ni milima. Nairobi mpaka Magadi unashuka kutoka mita 1,700 mpaka karibu 600, halafu kuna kurudi. Ukitaka kujua umepanda kiasi gani, saa iwe na baromita, ile ya kupima presha ya hewa. Bila hiyo inakisia urefu kwa GPS, na kwa urefu GPS ni dhaifu kuliko kwa ramani. Forerunner 55, saa nzuri kabisa ya kuanza kukimbia, haina baromita. Coros Pace 2 ya bei hiyohiyo iko nayo. Tofauti kama hizi haziko kwa tangazo, ziko kule chini kabisa kwa maelezo, na ndio zinaamua.

Cha tatu ni nguvu, zile wati. Kama kuna siku utanunua kipima nguvu cha pedali, na hizo si za mchezo kwa bei, hakikisha saa inakisoma. Forerunner 55 na 165 hazisomi vipima nguvu vya baiskeli. Pace 3 inasoma kwa Bluetooth, lakini haina ANT+, kwa hivyo sensa ya zamani ya ANT+ peke yake haitaongea nayo. Uliza kabla, usiulize baada.

Na nisema ukweli: ikiwa unaendesha mara nne kwa wiki na kukimbia mara moja, labda hauhitaji saa. Kompyuta ya usukani ya iGPSport ama XOSS iko chini sana ya bei ya saa, skrini ni kubwa, na mkanda wako wa kifua unaongea nayo. Zile mbio za Jumapili, beba simu.

Sasa nichukue gani?

Bei nataja ni za majuu siku saa ilipotoka. Hapa ongeza ushuru na faida ya muuzaji, na za zamani toa kidogo.

Unaanza, unakimbia zaidi, bajeti ni thao ishirini na sita kwenda chini: Forerunner 55 ya 2021 ama Pace 2 ya 2020, zote dola 199. Ya kwanza inakupa saa 20 za GPS, ya pili 30. Zote ziko na batani za kweli, zote nyepesi mpaka unasahau. Pace 2 ndio ile Coros walitoa toleo la Eliud Kipchoge mwaka 2021. Usinunue toleo juu ya sahihi, lakini. Jamaa aliyekimbia 2:01:09 Berlin angekimbia hivyo hata akiwa na saa ya ukutani mgongoni.

Unachanganya mbio na baiskeli sawasawa: Pace 3 ya 2023, dola 229. Baromita, masafa mawili, inasoma wati, saa 38 za GPS ya kawaida, ingawa ukiwasha masafa mawili zinashuka sana. Kwa pesa hiyo sijaona ya kuishinda. Forerunner 255 ya 2022, ilianza dola 350, inafanya yote hayo na inasoma ANT+ pia. Kama ukipata ya mkono wa pili yenye hali nzuri, chukua.

Unataka skrini inang'aa kama simu: Forerunner 165, dola 249. Ni luku safi, na kwa mkimbiaji ni saa nzuri. Ukienda juu zaidi, 965, Fenix za laki moja na kitu, unalipia ramani, vioo na chuma. Msee wa kukimbia milimani usiku anahitaji ramani. Wewe wa Karura, vibao viko kila makutano.

Apple Watch je? Kama tayari uko na iPhone na umepewa zawadi, itumie, GPS yake ni safi. Lakini haifanyi kazi na Android, na betri ya zile za kawaida inahesabiwa kwa siku moja. Safari ya Magadi kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Utafika nyumbani, saa haitafika.

Ya mkono wa pili

Soko la mkono wa pili ndio litatuokoa wengi, lakini usiuziwe mbuzi kwa gunia. Mwambie muuzaji aitoe kwa akaunti yake mbele yako na airudishe kama mpya. Kwa Apple Watch hii ni lazima, juu ikiwa imefungwa kwa akaunti ya mtu hautaifungua, na pengine imeibiwa. Angalia pini za chaja nyuma kama zimeliwa na jasho. Bonyeza kila batani.

Halafu betri. Saa ya miaka minne haina betri ya siku ya kwanza, na hesabu ni rahisi. Kama kampuni ilisema saa 20 za GPS, nusu saa inafaa kumeza asilimia 2 na nusu. Anzisha GPS, tembea na muuzaji nusu saa, mpige story. Ikimeza asilimia 5, umebaki na saa kumi, na hiyo bado ni marathoni mbili za mtu wa kawaida. Ikimeza asilimia 10, ni saa tano. Punguza bei ama uachane nayo.

Ukishafika nayo kwa keja, kabla ya mbio ya kwanza, kuna kitu cha kufanya kwa simu. Mwaka 2018 ramani ya Strava ya dunia nzima ilionyesha njia za wanajeshi wakikimbia ndani ya kambi zao, na ulimwengu ukajua kambi ziko wapi. Wewe hauna kambi, lakini uko na baiskeli ya thao themanini na gate yenye kila safari yako inaanzia. Mtu anayefuatilia ramani zako wiki mbili anajua unaishi wapi, unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, na ile picha ya baiskeli uliweka inamwambia kama safari inalipa. Ingia kwa mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa kila zoezi. Strava inakubali kuficha mpaka karibu kilomita 1.6 kuzunguka nyumbani. Weka anwani ya kazini pia. Na kama wewe ni dem unayekimbia peke yako njia ileile asubuhi, fanya mazoezi yaonekane na wafuasi wako tu, halafu upitie hao wafuasi mmoja mmoja. Inachukua dakika kumi, na saa bado iko kwa chaja.